Temper: Neno la Kulainisha na la Kukomaza

Kitenzi cha Kiingereza "temper" humsumbua anayejifunza lugha hiyo kwa kamusi, kwa sababu kamusi humpa maana mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kupunguza ukali: kauli kali hutulizwa, furaha huwekewa tahadhari, hukumu huchanganywa na huruma. Ya pili ni kukomaza: kioo hutiwa nguvu, upanga huimarishwa, askari hukomazwa na vita. Likiwa nomino, neno hilohilo ni hasira, tena ni hali ya moyo kwa jumla, tena ni kiwango cha ugumu wa bati la alumini, tena ni mchanga ambao mfinyanzi huuchanganya na udongo wake. Maana hizi hazikuokotwa ovyo. Nyingi zimetoka kwenye karakana, na huko ndiko zinakoeleweka.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, temperare: kuchanganya vitu kwa kipimo kinachofaa, na kutokana na hapo, kujizuia usivuke kipimo. Mroma aliyetia maji katika mvinyo wake alitumia kitenzi hicho, na aliyeuzuia ulimi wake pia. Kilatini hakikujali kama kitu kimeongezwa nguvu au kimepunguzwa. Kilijali kama kimefika kwenye kiasi. Neno liliingia Kiingereza mapema, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kisha likapata nguvu mpya kupitia Kifaransa cha watawala hao. Wahunzi, wafinyanzi, matabibu na wanamuziki, kila mmoja akalichukua na kulitia kazini kwake.

Kazi iliyoliathiri kuliko zote ni uhunzi. Chuma kitupu ni laini. Kinachokipa uwezo wa kuwa kigumu ni kaboni, na chuma chenye kaboni kidogo, isiyozidi asilimia 2 hivi, ndicho chuma cha pua. Vifaa vya kukatia aghalabu huwa na kati ya asilimia 0.6 na 1.2. Msumari wa kawaida una kaboni haba mno, ndiyo maana hata ukipashwa hadi uwe mwekundu na kutumbukizwa majini hauwi patasi. Katika uyeyushaji wa kale kaboni hiyo ilitoka kwenye mkaa wa tanuri. Matanuri ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, yaliweza kutoa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa pua, jambo ambalo watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walilieleza mwaka 1978.

Pua ikipashwa hadi nyuzijoto 800 hivi, atomi za chuma hujipanga upya kwa mpango ambao kaboni huweza kuenea ndani yake. Ikiachwa ipoe taratibu kwenye majivu, kaboni hupata muda wa kujitenga, na pua hurudia ulaini wake. Ikitumbukizwa ghafla kwenye maji au oili, kaboni hunaswa kabla haijatoka. Atomi za chuma hutaka kurudi kwenye mpango wa zamani lakini kaboni imezizuia, na umbo zima hubaki limekazwa. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens, mmoja wa waanzilishi wa uchunguzi wa metali kwa hadubini. Pua iliyo katika hali hiyo ni ngumu ajabu: tupa huteleza juu yake bila kushika. Lakini ugumu huo peke yake haufai kitu. Tindo lililoishia hapo humeguka ncha kwa pigo la kwanza la nyundo, na kisu kikianguka kwenye sakafu ya saruji huweza kukatika vipande viwili.

Hapo ndipo inapoingia hatua ambayo mainjinia wa leo huiita "tempering". Kifaa hupashwa moto kwa mara ya pili, safari hii kwa kadiri tu, popote kati ya nyuzijoto 150 na 650 kulingana na kazi kitakayofanya. Sehemu ya kaboni iliyonaswa hupata njia ya kutoka, hujikusanya katika chembe ndogo sana, na mkazo uliokuwa ndani hulegea. Ugumu hupungua, na badala yake huja ukakamavu, yaani uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika. Mhunzi hukipunguzia chuma kitu alichotoka kukipa kwa taabu, na kwa kupunguza huko ndipo kifaa kinapokuwa imara. Anayelielewa jambo hilo moja ameshafumbua sehemu kubwa ya fumbo la neno hili.

Utengenezaji wa tindo huonyesha hatua zote mbili kwa dakika chache. Mhunzi akishafua ncha, huirudisha motoni mpaka iwe na wekundu uliokolea. Sumaku ikisogezwa karibu haiivuti tena, kwani chuma kikipita nyuzijoto 770 hivi hakishikwi na sumaku, na hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko macho. Kwa koleo huzamisha ncha peke yake majini, sentimita mbili au tatu, huku akiipandisha na kuishusha ili mpaka kati ya baridi na moto usiwe mstari mmoja wa kupasukia. Kisha huitoa na kuisugua upesi kwa msasa au kipande cha jiwe hadi ing'ae. Mwili wa tindo bado una moto, na moto huo huanza kusafiri kuelekea kwenye ncha iliyopoa. Rangi hutembea nao juu ya chuma kilichong'arishwa: manjano hafifu kwanza, kisha manjano iliyokolea, kahawia, zambarau, na mwisho buluu. Zambarau inapofika kwenye makali, tindo zima hutumbukizwa majini. Akichelewa, buluu hufika kwenye makali na kupita, ncha huwa laini kuliko inavyotakiwa, na kazi yote huanza upya.

Rangi hizo si rangi za moto wenyewe. Ni utando mwembamba mno wa oksidi unaojijenga juu ya chuma, na mwanga unaoakisiwa na uso wake wa juu hukutana na ule unaoakisiwa na uso wa chini, kama inavyotokea kwa mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Utando hunenepa kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kila rangi ina joto lake: manjano hafifu ni takriban nyuzijoto 220, kahawia 255, zambarau 280, buluu 300. Karne nyingi kabla ya kuwapo kwa vipimajoto vya tanuri, mafundi walisoma joto kwa njia hiyo. Vifaa vya kunyolea na kukwangulia vilisimamishwa kwenye manjano ili vibaki vigumu. Matindo kwenye zambarau. Bisibisi na springi kwenye buluu, kwa sababu hizo hupinda au kusokoteka mara elfu na hazipaswi kukatika.

Mgongano wa maana ulizaliwa kwenye hatua hizo mbili. Kifaransa kililipokea neno la Kilatini likawa tremper, yaani kuzamisha, na mpaka leo mhunzi Mfaransa hulitumia kwa ile hatua ya kwanza, ya kuzamisha chuma chenye moto ili kiwe kigumu. Kwa hatua ya pili ana neno jingine kabisa. Kiingereza cha zamani kilitumia "temper" kwa kazi nzima, toka kuzamisha hadi kupasha upya. Katika tamthilia ya Othello, Shakespeare anataja upanga wa Kihispania uliopata "temper" yake katika maji ya kijito cha barafu, na maji ya barafu ni ya kukomaza, si ya kulegeza. Baadaye mainjinia walizitenganisha hatua hizo na kulibakiza neno kwa ile ya pili. Watu wa kawaida hawakuwafuata. Ndiyo maana injinia akilisikia huwaza kupunguza ugumu, na msomaji wa riwaya huwaza kuongeza.

Nondo zinazouzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki kwa jina la TMT zimepitia njia ileile ya tindo, ila kiwandani. Nondo inapotoka kwenye mashine ya kuviringisha ikiwa bado na moto wa nyuzijoto 1,000 hivi, hupitishwa kwenye maji yanayorushwa kwa nguvu. Ganda lake la nje hupoa ghafla na kuwa gumu, lakini moyo wake bado ni mwekundu. Ikishatoka majini, joto la moyo hurudi nje na kulipasha ganda upya. Nondo hutoka na ngozi imara na moyo unaokubali kupinda, sifa ambayo mkunja nondo huihitaji kila siku.

Kwa watengenezaji wa alumini neno limelegea zaidi, likawa jina la hali yoyote ya ugumu ambayo bati limefikishwa. Herufi O ni alumini iliyolainishwa kabisa, H ni iliyokomazwa kwa kubonyezwa au kuvutwa ikiwa baridi, T ni iliyopitia moto. Fremu ya baiskeli yenye chapa ya 6061-T6 inasema katika herufi na tarakimu hizo za mwisho kwamba alumini yake ilipashwa moto mkali, ikapozwa haraka, kisha ikawekwa kwenye joto la wastani kwa saa kadhaa ili ikomae. Hapa kule kupashwa mara ya pili kunaongeza ugumu, kinyume na inavyokuwa kwa pua.

Kwenye kioo neno lina maana moja tu, ya kutia nguvu. Kioo cha dirisha hupashwa hadi nyuzijoto 620 au zaidi kidogo, karibu na kulainika, kisha hupulizwa hewa baridi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Nyuso hupoa na kukauka kwanza. Ndani kunapopoa baadaye, kunataka kusinyaa lakini nyuso zimeshakaa, kwa hiyo kunazivuta. Nyuso hubaki zimebanwa, na kitovu hubaki kimevutwa. Kioo huvunjika pale ufa mdogo wa juu unapofunguka, na uso uliobanwa huuzuia ufa huo usifunguke; mpaka pigo lishinde mbano huo, kioo hakipasuki. Kikipasuka, mkazo wote wa ndani huachiliwa kwa mara moja na kioo kizima humwagika vipande vidogo butu, badala ya vigae virefu vya kukata. Madirisha mengi ya ubavuni ya magari ni ya aina hii. Kioo cha mbele ni kingine: ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, ili kikipigwa na jiwe kibaki mahali pake.

Kwa sababu ya mkazo huo, kioo kilichotiwa nguvu hakikatwi wala kutobolewa. Fundi hupima, hukata na kutoboa matundu ya bawaba kwanza, ndipo kioo kinapokwenda tanurini. Siri ya mkazo huo ilionekana kabla haijaeleweka: mnamo mwaka 1660 Prince Rupert alileta Uingereza matone ya kioo yaliyodondoshwa yakiwa yameyeyuka katika maji baridi. Kichwa cha tone kilistahimili nyundo, lakini mkia wake mwembamba ukikatwa, tone lote lililipuka kuwa unga. Mfalme Charles II aliyapeleka kwa wanasayansi wa Royal Society, nao wakayachunguza bila kupata jibu kamili. Mwaka 1874 Mfaransa Alfred Royer de la Bastie ndiye aliyebuni njia ya kutia vioo nguvu kwa kuvizamisha kwenye mafuta ya moto. Kioo cha simu ni chembamba mno kwa njia hizo za moto na baridi. Huzamishwa kwenye chumvi iliyoyeyuka yenye potasiamu, na ayoni za potasiamu, ambazo ni kubwa, huingia mahali pa zile ndogo za sodiamu na kuubana uso.

Mfano mzuri kuliko yote haufahamiki sana nje ya viwanda vya unga. Ngano kavu ikisagwa moja kwa moja, pumba zake huvunjika vipande vidogo na kuchanganyika na unga, nao huwa na rangi ya kijivu. Kwa hiyo msagaji huinyunyizia ngano maji mpaka unyevu wake ufike asilimia 15 au 16 hivi, kisha huiacha ghalani kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Maji hayo yana kazi mbili kwa wakati mmoja: pumba huwa kakamavu, hivyo hubanduka katika vipande vikubwa vya kuchekechwa kwa urahisi, na wanga wa ndani hulainika, hivyo husagika bila nguvu nyingi. Kiingereza cha msagaji huliita tendo hilo "tempering", na katika punje moja maana zote mbili za kamusi zimetimia.

Chokoleti ni jambo jingine la kipimo. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita ya fuwele, na moja tu, la tano, ndilo linalotakiwa: huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, yaani haliyeyuki mezani lakini huyeyuka mdomoni. Kwa chokoleti nyeusi mtengenezaji huyeyusha kila kitu kwenye nyuzijoto 45 hadi 50, hupoza hadi 27 au 28 huku akikoroga, kisha hupandisha hadi 31 au 32 ili maumbo mabaya yayeyuke na lile jema libaki. Chokoleti iliyoharibika hatua hizo hupauka na kufifia, na haikatiki kwa mlio. Mpishi wa Kihindi anayekaanga jira na haradali katika samli na kuvimimina juu ya dengu naye, kwa Kiingereza cha Uhindi, anafanya "tempering". Hapo ni kukoleza tu, kuchanganya kwa kiasi kama Kilatini kilivyosema.

Wafinyanzi wa duniani kote wamelitumia tendo lenyewe, na wanaakiolojia nao hulitumia neno hilo. Udongo mtupu husinyaa sana unapokauka, chungu hupasuka. Mfinyanzi huchanganya mchanga, vigae vilivyotwangwa, makapi au, kama walivyofanya wakazi wa kale wa bonde la Mississippi, maganda ya kome yaliyosagwa. Chembe hizo hupunguza kusinyaa, huacha mvuke upite, na huzuia ufa usisafiri mbali. Kwa mwanaakiolojia aina ya mchanganyiko ni ushahidi: chembe za mchanga katika kigae huweza kuonyesha chungu kilifinyangwa wapi.

Wanamuziki wana tatizo la hesabu ambalo halina jibu kamili, na neno hili linataja namna ya kuishi nalo. Sauti mbili hupatana vizuri mitetemo yake ikiwa na uwiano mwepesi: 2 kwa 1 ni oktava, 3 kwa 2 ni kwinti. Anayetuni kinanda kwa kwinti safi, akipanda mara 12 mfululizo, angetarajia kuifikia nota aliyoanzia, oktava 7 juu. Hafiki sawasawa, huipita kwa karibu robo ya nusutoni. Kosa si la mkono wake wala la sikio lake. Hesabu ya 3 ikizidishwa kwa 3 mara yoyote ile haitakuwa sawa na 2 ikizidishwa kwa 2, na ziada hiyo lazima ikae mahali fulani. Zamani watuni waliisukuma kwenye pembe ambayo hawakuitumia, hivyo baadhi ya funguo zilisikika tamu na nyingine hazivumiliki. Njia nyingine ni kuigawa: kila kwinti hupunguzwa kidogo, pungufu kwa sehemu moja ya hamsini ya nusutoni, na upungufu huo haumuudhi msikilizaji wa kawaida. Kwinti iliyopunguzwa hivyo huitwa "tempered".

Mwanamfalme wa China Zhu Zaiyu alikokotoa mgawanyo huo sawa mwaka 1584. Ulaya, Johann Sebastian Bach alikusanya mwaka 1722 vipande katika funguo zote 24 chini ya jina linalosema kinanda "kilichotuniwa vizuri kwa kiasi". Kama alikusudia mgawanyo ulio sawa kabisa au ule unaoacha kila ufunguo na ladha yake, wataalamu bado wanabishana. Kinanda cha umeme cha leo kwa kawaida hutuniwa kwa mgawanyo sawa. Udi na fidla havina vizuizi shingoni, na ganuni ina visahani vya kubadilisha urefu wa nyuzi, hivyo mpigaji wa taarabu hufikia sauti zilizo kati ya nusutoni mbili, ambazo kinanda kilichotuniwa hivyo hakina.

Hasira ndiyo maana inayojulikana zaidi, nayo ilitoka kwa matabibu. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alirithi na kueneza mafundisho kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mchanganyiko wake ndio uliompa mtu afya na tabia. Balghamu ikizidi mtu huwa mzito, nyongo ya manjano ikizidi huwa mkali. Tiba hiyo ilipitia kwa Waarabu mpaka pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili kilibaki na balghamu na safura, maneno ya kiganga yaliyofuata njia hiyo. Kwa Kiingereza mchanganyiko wa mtu uliitwa "temper" yake, kwa hiyo aliyekasirika aliipoteza: alipoteza uwiano wake. Lakini watu walitaja zaidi "temper" mbaya kuliko nzuri, neno likaegemea upande huo, na sasa likiwa peke yake maana yake ni hasira. Matokeo yake, Mwingereza mwenye "temper" na Mwingereza aliyeipoteza wote wawili wamefura.

Jamaa zake nao wametawanyika. "Temperature" ilimaanisha mchanganyiko kabla haijawa joto linalopimwa. "Temperance" ilikuwa kiasi katika kila jambo, hadi vyama vya kupinga pombe vya Marekani na Uingereza katika karne ya 19 vilipoichukua kwanza kwa maana ya kunywa kidogo, kisha kwa maana ya kutokunywa kabisa. Tempera ni rangi iliyochanganywa na kiini cha yai. Na "tamper", inayoonekana leo kwenye vifuniko vya chupa za dawa ikimwonya mnunuzi asikubali kilichofunguliwa, ni matamshi mengine tu ya "temper": katika karne ya 16 ilikuwa kazi ya kuukanda na kuuchanganya udongo wa mfinyanzi, kabla haijawa kutia mkono mahali pasipo pako.